Pumzi Yangu Kwenye Saksafoni Yake

Wimbo wa nne ulikuwa wangu, na kila mtu aliyekuwa sebuleni kwa baba yangu Jumapili ile alijua hivyo.

Ndiyo maana hakuna aliyetafuna. Shangazi Tressie alikuwa ameinua uma wenye kipande cha pai ya viazi vitamu, akaushikilia hewani. Mama, ambaye tangu turudi kutoka kanisani hakuwa amekaa kitako, alikuja kusimama mlangoni pa jikoni, vidole vyake bado vina unga. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kile kisichokaliwa na mwingine hata nyumba ijae wageni, ameangalia dirishani kama mtu anayesubiri basi. Na Royce Mabry, mchumba wangu, alikuwa amepiga magoti kwenye zulia mbele ya rekodi pleya, anaishusha sindano taratibu utadhani anamvisha mtoto mchanga kofia.

"Huyu sasa," alisema bila kugeuka, "ndiye Netta."

Santuri yenyewe ilikuwa ya majaribio, imetoka kiwandani juzi yake, ina karatasi nyeupe katikati isiyoandikwa hata jina. Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa zimepita vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Chini ngoma na besi za R&B, zile zinazokutikisa bega bila idhini yako, na juu yake saksafoni ya Royce inazunguka kwa mtindo wa jazi, inapotea, unadhani haitarudi, kisha inatokea kwa mlango mwingine. Shangazi Tressie alikuwa amecheza akiwa amekaa.

"Shemasi, nisamehe," alimwambia kaka yake, "mimi nimeokoka, lakini kiuno changu bado hakijabatizwa."

Baba hakucheka. Ila hakuinuka kuondoka pia, na kwa Shemasi Hosea Gadsden wa Kanisa la Mlima Hermoni, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Nikueleze wimbo ule ulinigharimu nini. Ulikuwa wa bibi yangu, mama yake Baba. Si wimbo hasa, ni mvumo aliokuwa akiuvuta akipiga pasi, wa ile namna ya kizamani: shemasi anatoa mstari, kanisa linaupokea na kuuburuta mpaka neno moja linajaa chumba kizima. Baba ndiye mtoa mstari wetu. Mimi nimejifunza kuimba nikiwa mapajani mwake. Royce aliposikia mvumo ule nikiosha vyombo kwake, aliacha kila alichokuwa anafanya, akasema, "Netta, huo ndio moyo wa albamu yangu. Uimbe wewe." Nikauimba. Baba alipojua kwamba nimesimama studio, nimeimba mvumo wa mama yake juu ya ngoma za kuchezea dansi, alisimama mbele ya kanisa zima, akanitaja kwa jina, akasema nivue joho la kwaya. "Huwezi kumwimbia Mungu asubuhi na walevi jioni." Akaongeza, tulipofika nyumbani, kwamba siku ya harusi yangu nitafute mtu mwingine wa kunishika mkono.

Chakula kile cha Jumapili alikipanga Mama. "Akusikie tu," aliniambia. "Baba yako akiisikia sauti yako ndani ya wimbo wa mama yake, ataweka silaha chini. Namjua."

Basi tukasikiliza.

Ilianza piano ya umeme, taratibu. Besi ikaingia. Halafu zikaja violini, nyingi, laini kama hariri. Violini sikuzikumbuka. Nikajiambia wameongeza, si mbaya, zinanipambia njia. Pakafika mahali pangu pa kuingia.

Ikaingia saksafoni.

Nikasema moyoni, ananibishia hodi tu. Anapiga kidogo, kisha nakuja.

"Netta," Shangazi Tressie alininong'oneza, "unaingia lini?"

"Sasa hivi, Shangazi."

Saksafoni ikaendelea.

"Wimbo gani huu una baraza refu hivi?" akanong'ona tena. "Mtu hafiki ndani?"

Mama alicheka. Mimi nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nimeanza kuelewa ninachokisikia. Saksafoni ile haikuwa inanisubiri. Ilikuwa inaimba mstari wangu. Pale ninapoliburuta neno, iliburuta. Pale ninapokata pumzi katikati ya neno kama alivyokuwa akikata Bibi, ilikata. Hata kale kamtetemo ka mwisho, ambako sikukapanga, kalikuja tu siku ile kwa uchovu, nako kalikuwemo. Nilikuwemo mle ndani kama mtu anavyokuwemo ndani ya gauni lake lililoachwa kitandani. Umbo ni langu. Mtu hayumo.

Niligeuka kumtazama Royce. Alikuwa ananitazama tayari, macho yanang'aa, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri nilie kwa furaha. Kweli kabisa. Alikuwa anasubiri.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Baba.

"Pumzi ile," alisema. Uso wake ulikuwa umelegea. "Mama alikuwa akiivuta palepale. Katikati ya neno." Akanigeukia. "Na wewe hujaimba."

"Sijaimba, Baba."

"Yaani sauti yako haimo kabisa humu?"

Royce akajibu haraka kabla yangu. "Haimo, Bwana Shemasi. Ni saksafoni peke yake."

Baba akaguna, guno la mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka kwenye kiti chake. Akavuka zulia, akamnyooshea Royce mkono, mkono ambao alikuwa amemnyima tangu siku ya kwanza nilipomleta nyumbani.

"Basi umefanya jambo la kiungwana, kijana. Netta, Jumapili ijayo vaa joho lako. Yaliyopita yamepita."

Na Royce akaupokea mkono ule. Akaupokea kwa mikono yake miwili, anatabasamu.

Ni hapo hasira zilipopanda. Zilianzia miguuni.

"Achia mkono wa baba yangu," nilisema.

"Netta..."

"Achia mkono wake, Royce. Niambie sauti yangu iko wapi."

Aliachia. Akajifuta viganja kwenye suruali. "Tepu ilijaa, mpenzi. Prodyuza wangu, Pruitt, alitaka violini, anasema bila violini redio hazitaupiga. Na hapakuwa na nafasi."

"Nafasi vipi?" Shangazi Tressie aliuliza. Uma wake ulikuwa umeshuka. "Wimbo nao unajaa kama jokofu?"

"Tepu ina njia zake, Shangazi. Ngoma ina njia yake, besi ina yake, piano yake. Zikijaa zote na bado unataka kuweka kitu, unarekodi juu ya kilichokuwepo."

"Na kilichokuwepo kinaenda wapi?"

Royce alitazama zulia. "Kinafutika."

"Kwa hiyo mlifuta ngoma?"

"Hapana, Shangazi."

"Mlifuta besi?"

"Hapana."

"Piano?"

"Hapana, Shangazi."

"Aha." Shangazi aliweka sahani yake mezani. "Katika tepu nzima, takataka ilikuwa binti wa kaka yangu."

"Si hivyo!" Royce alipiga hatua kunijia, nami nikarudi nyuma. "Netta, sikiliza. Nisikilize mimi, usimsikilize Shangazi. Kabla hatujafuta nilikaa na sauti yako wiki nzima. Nilijifungia nayo. Nilijifunza kila pumzi, mpaka mdomo ukachanika, mpaka nikajua unameza mate wapi. Nilipokuwa na hakika kwamba naweza kukupiga wewe bila kukosea, ndipo nikamwambia Pruitt sawa. Sikukufuta. Nilikuhamisha."

"Ulinihamishia wapi?"

"Kwenye saksafoni."

"Niliomba kuhama?"

Na ubaya ni kwamba nilimwamini. Royce hasemi uongo. Tangu akiwa mtoto anafundishwa saksafoni kwenye chumba cha chini cha shule, aliambiwa jambo lilelile wanaloambiwa wote: usipige, imba. Wazee wa vilabuni walimsifu hivyo, wakamgonga bega, wakamwambia huyu kijana chombo chake kinaongea. Amekula sifa hiyo maisha yake yote. Basi imemwingia kichwani kwamba ukimpiga mtu sawasawa, mwenyewe hahitajiki tena, anaweza kwenda kupumzika. Alidhani amenipa heshima kubwa kuliko pete. Kama angekuwa amenidharau ningemcheka nikaenda zangu. Lakini alinifuta kwa upendo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka usikie kwanza. Nilidhani utalia."

"Nalia?"

"Hapana."

"Basi hiki unachokiona usoni kwangu ni nini?"

"Netta, punguza sauti," Baba alisema.

Nilimgeukia. Sijawahi kumgeukia baba yangu namna ile. "Sauti gani, Baba? Nionyeshe ilipo, niipunguze."

Shangazi Tressie akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo kabisa.

"Mimi ni baba yako. Nilikulinda."

"Dhidi ya nani? Ulinisimamisha mbele ya watu walioniona nikibatizwa, ukanivua joho kwa sababu ya wimbo uliounong'oneza mwenyewe sikioni kwangu. Nikasema sawa, ndiyo gharama. Nimelipa, angalau sauti yangu iko mahali. Kumbe haipo. Wewe umenifukuza kanisani, yeye kanifukuza kwenye wimbo, na sasa mnapeana mikono juu yangu kama watu waliouziana gari!"

"Sikukubaliana naye lolote," Royce alisema. "Haki ya Mungu."

"Ila ulifikiri. Niambie hukufikiri."

Alivuta pumzi ndefu. "Nilifikiri."

"Sema ulifikiri nini. Sema mbele yao."

"Nilifikiri kwamba kama sauti yako haimo, atakusamehe. Utarudi kwaya. Atakushika mkono mpaka madhabahuni." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimekuona Jumapili zote hizi, Netta. Kwaya ikiimba unafumba mdomo mpaka shingo inasimama mishipa. Nilidhani naleta amani."

"Na mimi ndiye ukanichinja kwa ajili ya karamu."

Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Saksafoni ilikuwa imefika pale pa mwisho, pale Bibi alipokuwa akiweka pasi wima na kufumba macho. Mama alitoka mlangoni, akapita katikati yetu sote, akainua sindano, akaizima mashine.

"Mimi nilitaka kuisikia," alisema.

Akatugeukia sote.

"Nimepika tangu jana. Huyu nimembembeleza aje, huyu nimembembeleza akae. Si kwamba napenda kuchambua mboga. Nilitaka kumsikia mwanangu akiimba wimbo wa mama mkwe wangu, mwanamke aliyenipokea humu ndani nikiwa sijui hata kuwasha hilo jiko." Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mmoja hakutaka aimbe. Mwingine amemfuta. Na mimi hakuna aliyeniuliza."

Baba alifungua mdomo.

"Kaa, Hosea," Mama alimwambia. Baba akakaa.

Royce alichukua koti lake. Na Mama, kwa mazoea tu, akaenda jikoni, nikasikia ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula ikikatwa. Hakuna mtu anayetoka nyumba ile mikono mitupu. Hata yule bwana wa bima ambaye hatumpendi hutoka na kuku na makaroni ya jibini yamefungwa vizuri.

"Mama," nilisema, "usimfungie sahani."

Karatasi ilinyamaza. Shangazi Tressie aliweka kiganja mdomoni. Royce alisimama na koti mkononi, na nikaona kwamba katika yote niliyokuwa nimemwambia, hilo ndilo lililompasua.

Nilimfuata mpaka ngazi za mbele. Sijui kwa nini. Labda hasira nazo huhitaji mtu wa kuzipokea. Mtaa ulikuwa na jua, majirani wametoka kwenye ngazi zao na nguo za kanisani, viatu wamevua. Bibi Purnell wa nyumba ya pili alijifanya anaangalia kucha zake.

"Ipo nakala?" nilimuuliza. "Hata mbaya. Hata ya kaseti."

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Netta."

Nilishika chuma cha ngazi. Ile siku studio nilikuwa na mafua kidogo, nilikuwa na woga, nilikuwa nampenda. Yote hayo yalikuwa ndani ya sauti ile. Siwezi kuwa tena mwanamke yule aliyesimama pale akiwa hajui.

"Niambie nifanye nini," alisema.

"Usiniletee maua. Na usije kunipigia saksafoni chini ya dirisha, nimechoka kusikilizishwa."

"Nitakurekodi upya. Nitamlazimisha Pruitt."

"Ili safari ijayo akitaka filimbi, mnifute tena?"

"Sitamruhusu."

"Ulimruhusu!" Bibi Purnell aliacha kuangalia kucha. Nilishusha sauti, ikatoka mbaya zaidi. "Unataka nirudi? Basi nirekodi mahali ambapo huwezi kunitoa. Maikrofoni moja, Royce. Mimi na wewe mbele ya maikrofoni moja, njia moja, kwa wakati mmoja. Atakayetaka kunifuta, akufute na wewe."

Niliona rangi ikimtoka. Huyu ni mtu anayerudia noti moja asubuhi nzima, anakata, anaunga, mpaka itoke safi kama glasi. Kwenye maikrofoni moja hakuna kuunga. Yeye akikosea, kosa lake limekaa ndani ya sauti yangu. Mimi nikikohoa, nimekohoa ndani ya saksafoni yake.

"Pruitt hatakubali," alisema. "Albamu iko kiwandani. Tarehe imeshatangazwa."

"Basi Pruitt akuoe yeye," nilimwambia, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Alipiga simu Alhamisi. Nilikuwa nimeapa sitapokea. Nikapokea.

"Nimekisimamisha kiwanda," alisema.

"Pruitt anasemaje?"

"Anasema maneno ambayo siwezi kuyarudia, mama yako yuko karibu na simu."

"Mama yangu hajali."

"Anasema nina wazimu. Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia bila Netta siitoi, wakitaka wampe mtu mwingine jina langu." Nilisikia pumzi yake kwenye simu, na mwili wangu, msaliti, uliitambua. "Kesho mchana. Njoo au usije. Mimi nitakuwa nimesimama pale."

Nilikwenda. Sikwenda peke yangu. Mama alivaa kofia yake ya Pasaka, ile yenye ukingo mpana, akasema mahali popote mwanawe anapoimba ni kanisa. Baba ndiye aliyetuendesha. Tulipofika alizima gari, akafungua redio.

"Huingii?" Mama alimuuliza.

"Nasikiliza mpira."

Pruitt alikuwa mtu mfupi anayetafuna ubani kama ana ugomvi nao. Alinitazama juu mpaka chini.

"Dada, mimi sina tatizo na sauti yako. Sauti yako ni nzuri. Lakini uelewe: wote wawili njia moja, siwezi kugusa kitu. Ukiteleza, umeteleza mpaka Yesu arudi."

"Naelewa."

"Na violini zangu, zilizo njia moja na saksafoni ile ya kwanza, lazima zitoke ili mpate nafasi."

"Nizione zikitoka," nilisema.

Alimtazama Royce. Royce akatikisa kichwa kukubali. Fundi mitambo akabonyeza, tepu ikazunguka, na zile hariri zote zikaondoka moja kwa moja. Sitasema nilihuzunika.

Chumbani kulikuwa na maikrofoni moja tu, katikati, imesimama kama mtu wa tatu. Tulivaa vipokea sauti vya masikioni ili tusikie ngoma, besi na piano. Royce alisogea.

"Rudi nyuma," nilimwambia. "Chombo chako kina kelele."

Akarudi nyuma.

"Netta. Umenisamehe?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Taa ya kurekodi imewaka, Royce."

Piano ilianza. Besi. Pakafika mahali pangu, na safari hii mlango ulikuwa wazi, nikaingia.

Niliimba nikiwa nimekasirika. Sikujua kwamba inawezekana. Kanisani tunafundishwa kuweka hasira mlangoni pamoja na mwavuli. Lakini nilifungua kinywa na ikatoka na kila kitu: joho, mikono miwili iliyopeana juu yangu, Mama na aproni yake. Mvumo wa Bibi uliyabeba yote bila kulemewa, nikajiuliza yeye alikuwa na hasira gani, miaka yote ile mbele ya pasi, na nani aliwahi kumuuliza.

Nikafika katikati ya lile neno. Palepale panapokatwa pumzi.

Sikukata. Sikuihitaji. Hasira ilikuwa na hewa yake.

Royce, ambaye alinisoma wiki nzima mpaka mdomo ukachanika, alikuwa ameshaingia kuijaza pumzi niliyotakiwa kuivuta. Noti yake ilitoka peke yake, uchi, imekosea mahali, imenikanyaga. Nikaona macho yake yakitanuka. Alikuwa amemjua Netta wa siku ile, mwenye mafua na mapenzi. Huyu aliyesimama mbele yake sasa hakuwa amemkariri.

Akatoa saksafoni mdomoni. Akasubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Royce Mabry alisimama na chombo chake mkononi na hakujua kinachofuata, ikabidi anitazame. Akatazama midomo yangu, bega langu, kifua changu kikipanda. Nilipovuta pumzi, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimepapanga, alivuta na yeye. Tukaingia pamoja. Hakupiga mstari wangu. Alipiga chini yake, mbali kidogo, kama mtu anayetembea kando yako bila kukushika, anayesubiri umwambie kama unataka.

Tulimaliza. Taa ikazima. Nyuma ya kioo Mama alikuwa amevua kofia, ameiweka mapajani, na machozi yanamshuka bila yeye kuyashughulikia. Pembeni yake alikuwa amesimama Baba. Sijui aliingia saa ngapi. Hakunipungia mkono, nami sikumpungia. Alikuwa ameegemeza kiganja kwenye kioo, midomo yake inacheza polepole, inatoa mstari.

Sauti ya Pruitt ikaja masikioni. "Royce, pale katikati umeingia peke yako. Kosa la wazi kabisa, hata kipofu analiona. Turudie?"

"Hapana," Royce alisema. "Liache lilivyo. Watu walisikie."

"Litakaa hapo miaka yote."

"Ndipo mahali pake."

Nilimtazama. Tangu Jumapili sikuwa nimemtazama usoni sawasawa. Alikuwa amekonda. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na kwenye mdomo wa chini kulikuwa na ule mpasuko, umeanza kupona. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, mbichi, na ilikuwa yangu. Lakini nilijikuta nimepiga hatua kumwelekea.

"Sogea," nilimwambia.

"Umesema chombo kina kelele."

"Nimesema sogea." Nikamwinulia Pruitt mkono kupitia kioo. "Bwana Pruitt, washa tena."

"Ah, kumbe tunarekebisha lile kosa?"

"Kosa lake liache, si umemsikia mwenyewe? Washa pale tulipoishia," nilisema, na nikaisogelea maikrofoni mpaka ikagusa mdomo. "Mimi ndiye sijamaliza."